UZI: Walibaki ndege chini ya 30 kwenye kisiwa kimoja tu duniani, leo wamevuka 3,000. Kisa cha shoro wa Shelisheli

mlinzi_wa_msitu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Leo nataka tumzungumzie ndege mmoja kwa kirefu, maana humu jukwaani tukiongelea viumbe walio hatarini ni tembo, faru, simba, basi, hawa wadogo hakuna anayewataja.

Anaitwa shoro wa Shelisheli, Wakrioli wa kule wanamwita timerl dezil, jina la kitaalamu Acrocephalus sechellensis. Ukikutana naye mara ya kwanza unaweza kumpita tu, ni kadogo, uzito kama gramu 15, rangi ya kahawia iliyopauka, mdomo mrefu mwembamba na miguu ya kijivu inayoelekea bluu. Hana rangi za kuringia kama chozi. Ila akianza kuimba unageuka, ni mluzi mnene kabisa unaoweza kudhani kuna mtu kule kichakani anamwita mwenzie. Na ndege huyu huwezi kumkuta Afrika bara, huwezi kumkuta Madagaska, yupo Shelisheli peke yake.

Sasa iko hivi. Zamani alikuwepo kwenye visiwa kadhaa vya kule, Marianne kwa mfano alikuwepo kabisa. Watu wakafyeka misitu ya asili wakapanda minazi kwa ajili ya mbata, na kwenye visiwa vingi meli zikaleta panya na paka. Shoro akapotea kimoja baada ya kingine mpaka akabaki kisiwa kimoja tu kinaitwa Cousin, karibu na kisiwa kikubwa cha Praslin, eneo lake hekta 29 hivi. Yaani kisiwa kizima unakizunguka kwa miguu asubuhi na kumaliza kabla jua halijakolea. Na hicho chenyewe nacho kilikuwa kimejaa minazi, ndege wamejibana kwenye kipande kidogo cha vichaka. Miaka ya 60 walipohesabiwa walikuwa kati ya 26 na 29. Dunia nzima!! Moto mmoja tu au panya wachache kushuka kwenye boti na habari ya huyu ndege ilikuwa inaisha hapo hapo.

Bahati iliyomwokoa ni kwamba Cousin haikuwahi kuingiwa na panya wala paka. Mwaka 1968, Shelisheli ikiwa bado koloni la Mwingereza (uhuru wao ni 1976), shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege ambalo leo linaitwa BirdLife International likakinunua kisiwa chote kwa msaada wa WWF, lile shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori. Na walichofanya baada ya kununua ndo sababu ya mimi kuandika huu uzi. Hawakujenga banda, hawakumkamata ndege hata mmoja kwenda kumzalisha kwenye kizimba, hawakuwa wanamwaga chakula. Waliondoa minazi, wakawa wanang'oa miche ya minazi inayochipua, wakaacha msitu wa asili urudi wenyewe, hasa miti inaitwa pisonia yenye majani mapana laini. Kufika 1982 ndege walikuwa kama 320 na kisiwa kimejaa, hakuna nafasi tena.

Kwanini miti iwe na uzito kiasi hicho? Kwasababu shoro huyu chakula chake karibu chote ni wadudu anaowaokota kwenye majani, na wengi wanakaa upande wa chini wa jani. Anavyokula ni hivi, anatua kwenye kijiti, anainamisha kichwa, anachungulia jani kwa chini, anaruka kidogo anadonoa, anahamia jani la pili, la tatu, hivyo hivyo kutwa. Sasa mpe kuti la mnazi achungulie nini? Jani pana la pisonia, au la ule mti wa noni (Morinda), lina wadudu wa kumlisha yeye na kinda wake. Kwahiyo ukihesabu majani na wadudu wa sehemu fulani ya kisiwa unajua kabisa pale wataishi ndege wangapi, na watafiti walifanya hivyo kweli.

Nitaendelea na sehemu ya kuhamishwa, ngoja kwanza nisome maoni.

---

Kaka Ngosha

Mkuu uzi mzuri sana, nimesoma neno kwa neno. Swali, kama kisiwa kilijaa 1982 kwanini hawakuruka wenyewe kwenda visiwa vya jirani? Ndege ana mabawa bwana, maji siyo ukuta kwake.

---

mlinzi_wa_msitu

Kaka Ngosha, hili swali ndo lenyewe na limefanyiwa utafiti kabisa.

Pale pale karibu na Cousin kuna kisiwa kingine kinaitwa Cousine (tofauti ni e ya mwisho), umbali kama kilomita 1.6. Ukisimama ufukweni unakiona na miti yake. Na hawakwenda. Ndege wa Cousin karibu wote wamevishwa pete miguuni, kila mmoja na mpangilio wake wa rangi, kwahiyo mtafiti akiwa na darubini anajua huyu ni fulani, mama yake fulani, amezaliwa himaya ile (himaya ni eneo ambalo jozi ya ndege inalilinda kuwa lake). Miaka yote hiyo ya kufuatilia, wanaovuka kwenda kisiwa kingine ni kama mmoja kwenye elfu. Walipochunguza wakaona tatizo siyo mabawa, mabawa yanaweza kumvusha vizuri tu. Ni tabia. Hataki kuliacha eneo analolijua, anakaa hapo hapo anasubiri nafasi itokee.

Na nafasi ikitokea ni balaa. Hapo ndo naingia kwenye kuhamishwa.

Septemba 1988 walichukuliwa ndege 29 kutoka Cousin wakapelekwa kisiwa cha Aride, ambacho ni kikubwa zaidi, hekta 68 hivi. Walikamatwa kwa nyavu nyembamba, wakawekwa kwenye maboksi, wakapelekwa na kuachiwa. Huku nyuma Cousin, zile himaya zilizobaki wazi zilijazwa ndani ya masaa. Masaa wakuu, siyo miezi! Vijana waliokuwa wamekaa kwa wazazi wao bila eneo walikuwa wanaangalia tu nani anaondoka. Kwahiyo Cousin haikupungukiwa kitu, kisiwa kikajaa tena, huku Aride wale 29 wakakuta chakula kibao na nafasi kibao wakaanza kuzaa kwa kasi ambayo Cousin haikuonekana. Cousin kawaida jike anataga yai moja. Aride wakawa wanataga hata mawili matatu.

1990 wakapelekwa 29 wengine Cousine. 2004 wakapelekwa 58 Denis, ambacho ni kisiwa cha matumbawe kipo peke yake kaskazini. 2011 wakapelekwa 59 Frégate. Visiwa vitano sasa. Kutoka kundi la walio hatarini kabisa ameshuka mpaka kundi la waliokaribia tu kuwa hatarini, kwenye ile orodha nyekundu ya viumbe walio hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi.

---

binti_mvita

Niko Mombasa, nimependa sana hii stori. Hao vijana wanaokaa kwa wazazi wanafanya kazi gani? Wanalishwa tu ama?

---

mlinzi_wa_msitu

Dada binti_mvita hapo umegusa kitu kilichomfanya huyu ndege awe maarufu vyuo vikuu vya dunia. Mtafiti mmoja Mholanzi, Jan Komdeur, alianza kumfuatilia katikati ya miaka ya 80, na utafiti ule mpaka leo unaendelea, Chuo Kikuu cha Groningen na wenzao wa Uingereza.

Baadhi ya hao vijana wanasaidia kulea, na wengi wao ni majike. Wanaleta wadudu kwa mdogo wao kiotani, wengine wanasaidia hata kulalia yai. Kinda wa shoro anategemea wakubwa muda mrefu sana kwa ndege mdogo hivyo, inaweza kufika miezi mitatu, kwahiyo mkono wa ziada una maana kweli. Ila wasaidizi wakizidi kwenye himaya maskini wanageuka mzigo, wanakula wale wale wadudu wachache ambao kinda angepewa.

Sasa sikia hii, mimi niliposoma nilirudia mara mbili. Jike anaweza kuegemeza jinsia ya yai lake kulingana na hali ya eneo. Kwenye himaya maskini, 77% ya makinda walikuwa madume, ambao wakikua wanaondoka kwenda kutafuta pao. Kwenye himaya tajiri madume walikuwa 13% tu, waliobaki wote majike wanaokaa kusaidia. Utafiti ulitoka 1997 kwenye jarida la Nature. Na hawakuishia kuangalia tu, walizihamisha jozi kutoka maeneo maskini kwenda maeneo tajiri, na jike yule yule aliyekuwa anazaa madume akaanza kuzaa majike. Subhanallah, gramu 15 hizo.

Himaya inakuwaje maskini ndani ya kisiwa cha hekta 29? Upepo. Upande unaopigwa na kusi, maji ya chumvi yanarushwa mpaka kwenye miti, majani yanaungua na kupukutika, wadudu wanakwisha. Mtu wa pwani analijua hili, angalia tu miti ya ufukweni upande wa kusi ilivyokondeana. Shoro wa upande ule anaishi maisha magumu kuliko mwenzie wa katikati ya kisiwa, na wametengana mwendo wa dakika chache.

Halafu kuna mabibi. Kuna wakati jike mkubwa anapinduliwa na binti yake mwenyewe, anapoteza nafasi ya kuzaa, lakini haondoki, anabaki pale pale anasaidia kulea wajukuu. Hii imeandikwa na kuthibitishwa kwa vinasaba. Na vinasaba hivyo hivyo vilionyesha kwamba makinda kama 4 kati ya 10 baba yao siyo yule dume mwenye himaya.

---

Dr_wa_mifugo

Mwanzisha uzi, mimi ni mtu wa mifugo, suala langu ni damu. Ukianza na vichwa 26 wote wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, kwenye ng'ombe tungekuwa tunalia baada ya vizazi vichache. Hili limekaaje?

---

mlinzi_wa_msitu

Dokta hoja yako ni ya kweli na wamelipima. Walichukua vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa makumbusho, ndege waliokusanywa kabla ya idadi kuporomoka, wakalinganisha na wa sasa. Wa zamani walikuwa na utofauti mkubwa wa vinasaba, wa leo wamepoteza sehemu kubwa. Hicho hakirudi. Msitu umerudi, idadi imerudi, ila utofauti wa damu uliopotea miaka ile ya minazi umepotea moja kwa moja. Na wale waliozaliwa na wazazi wenye undugu wa karibu wameonekana kuwa na dalili za kuchakaa mapema kwenye chembe zao.

Ndo maana nasema kusubiri mpaka wabaki 26 ni hatari hata kama baadaye watakuwa elfu tatu. Ugonjwa mmoja mpya ukiingia, kundi ambalo wote damu zao zinafanana linaweza kupigwa lote kwa pamoja. Hii nayo ni sababu ya kuwatawanya visiwa vitano, maana wenyewe hawavuki maji, kwahiyo hata ugonjwa hauwezi kusambaa kirahisi kupitia wao.

Kwa upande mwingine wanaishi sana. Mtu mzima akishapata himaya, uwezekano wa kuumaliza mwaka ni zaidi ya 80%, na wapo waliofika miaka 19. Ndege wa ukubwa huo kwetu bara kufika hata miaka mitano ni kazi. Kule hakuna mwewe wa kumkimbiza, adui mkubwa ni wa mayai, kuna ndege mwingine wa hapo hapo anaitwa toktok, jamii ya kwera, anayavizia, pamoja na mijusi. Dume la shoro linakaa karibu na kiota linalinda wakati jike limetoka kula.

---

mkulima_wa_nazi

Mkuu na heshima zote, mimi nina minazi na imenisomeshea watoto wanne. Unavyoandika ni kama mnazi ni adui. Mzungu ananunua kisiwa anang'oa minazi kwa ajili ya kandege ka gramu 15, watu waliokuwa wanategemea mbata walikula nini? Sisi huku mwambao tukiambiwa tung'oe itakuwaje?

---

mlinzi_wa_msitu

Mzee wangu shikamoo, na sichukulii vibaya, ni swali halali kabisa.

Kwanza Cousin ilikuwa shamba la kisiwa kidogo mno, siyo mji wa watu. Pili leo kisiwa kile kinasimamiwa na shirika la Washelisheli wenyewe, Nature Seychelles, na wanaolinda na kutembeza wageni ni wenyeji. Watalii wanakuja kwa boti kutoka Praslin, hawalali. Na utaratibu wao naupenda, boti ya mgeni hairuhusiwi kugusa ufukwe, inasimama nje, halafu boti ya kisiwa inakuja kuchukua watu, yote hiyo kuhakikisha panya hata mmoja hashuki. Fedha ya kiingilio inaendesha hifadhi. Na aliyefaidika siyo shoro peke yake, ng'amba wanapanda kutaga pale kwa wingi, na ndege wa baharini wanazaliana kwa maelfu.

Tatu, hakuna anayesema mnazi ung'olewe kila mahali. Tatizo la kule ni kwamba mnazi ulipandwa mpaka hakikubaki kitu kingine, kwenye visiwa ambavyo ndege hana pa kukimbilia. Shamba lako lenye minazi, miembe, migomba na kichaka kidogo mpakani ni kitu tofauti kabisa, wewe unafuga ndege wengi kuliko unavyodhani.

---

Mtu wa Wete

Assalaam aleikum. Mie wa Pemba, nimeusoma uzi wote hapa usiku na nataka kuongezea kwa sababu wenzetu wa bara wengi hawalijui hili: sisi nasi tuna ndege wasopatikana pengine popote duniani. Wapo wanne. Kuna chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, njiwa wa kijani wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Waimbaji ni hao wawili wa mwanzo.

Chozi dume utamuona anametameta kijani cheusi, kifuani ana mkanda wa zambarau, anakwenda ua hadi ua. Kinengenenge ni wa manjano, kadogo sana, ana duara jeupe kuzunguka jicho kama mtu kavaa miwani. Wanakwenda kwa vikundi wakiitana, hawa siye tunao uani kila siku, kwenye mipapai, kwenye mikarafuu, na ndo maana hakuna anayewatilia maanani. Mtoto wa Pemba anakua anawaona, akifika Tanga au Dar anakuta chozi wa aina nyengine na hajui kwamba yule wa kwao kamuacha kwao.

Pemba ina viumbe vyake peke yake kwa sababu mkondo baina yetu na bara ni wa kina kirefu mno. Unguja zamani bahari iliposhuka iliungana na bara, Pemba imekaa mbali siku nyingi sana.

---

Kaka Ngosha

Mtu wa Wete mimi nimeshangaa kweli. Nimekuja Pemba kikazi, nimekula pweza, nimeona mikarafuu, hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia habari ya hao ndege. Wako salama lakini?

---

mlinzi_wa_msitu

Asante sana Mtu wa Wete, hapa ndipo nilitaka uzi ufike.

Kaka Ngosha, kinengenenge na chozi wa Pemba kwa sasa hawako kwenye orodha ya hatari, wanaweza kuishi mashambani na uani kama alivyosema. Njiwa wa kijani na bundi ndo wana hali ngumu, njiwa anataka miti mikubwa yenye matunda na bundi anataka miti mikubwa ya zamani. Kwahiyo msitu wa Ngezi kule kaskazini magharibi ni roho yao, na mikarafuu mikongwe nayo inasaidia, bundi yule anasikika hata kwenye mashamba ya karafuu.

Ila angalieni kitu kimoja. Shoro naye hakuanza akiwa 26. Alikuwa visiwa kadhaa, hakuna aliyemhesabu, na hakuna aliyepiga kelele visiwa vilipofyekwa kimoja kimoja. Ndege wa kisiwa anapungua kimya kimya kwa sababu waliopo wanaendelea kuonekana uani kila asubuhi, na wewe unayemwona yuko kwenye mti wa mwisho huwezi kujua kwamba ni wa mwisho. Pemba bado tuko mapema mno, tuna nafasi ambayo Shelisheli ya 1968 haikuwa nayo. Kunguru weusi waliletwa Unguja na wakoloni miaka ya 1890 na kila mtu wa Unguja anajua wanavyokula mayai na makinda ya ndege wengine. Wakizaliana Pemba kama walivyozaliana Unguja itakuwa msiba.

---

binti_mvita

Kwani watu wa kawaida wanaweza kufanya nini? Maana sisi hatuna pesa ya kununua kisiwa.

---

Mtu wa Wete

Dada, hapa kwetu mfano tunao tayari. Popo wa Pemba, yule mkubwa anaekula matunda, nae hayupo kwengine duniani. Miaka ya mwisho ya 80 alikuwa kesha karibu kumalizika, watu wakimpiga bunduki na kumla. Ikaelezwa vijijini, watu wa kijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala, Kidike ndo maarufu zaidi, wageni wanakwenda kuwaona na kijiji kinapata chochote. Leo wamefika maelfu mengi. Walolinda ni wenyewe wanakijiji, na miti yenyewe kuna ilosimama ndani ya makaburi.

Kwa ndege naomba mambo mawili tu. Kwanza mtu akikata mkarafuu uliokufa uani, asikate na mkungu na mwembe kwa mkupuo mmoja. Pili, watoto na manati. Hapa kijijini kwetu tulikaa na walimu wa madrasa, watoto wakaelezwa kwamba ndege yule yupo Pemba tu. Sasa wenyewe wanagombeza wenzao.

---

mkulima_wa_nazi

Nimekuelewa mwanangu mlinzi_wa_msitu, nawe Mtu wa Wete. Mimi shambani kwangu mpakani kuna miti ya asili nilikuwa nimepanga kuifyeka mwaka huu niongeze minazi safu mbili. Naomba mnieleze ipi ya kuacha.

---

mlinzi_wa_msitu

Mzee acha yote yenye majani mapana na inayotoa matunda madogo, mikuyu hasa, hiyo usiiguse kabisa. Kama kuna mti mkubwa wenye matundu hata kama umekauka juu, uache usimame kama hauko karibu na nyumba. Halafu vichaka vya chini yake usivisafishe vyote, ndege wengi wadogo wanajenga humo. Safu hizo mbili za minazi zipeleke upande wa bahari ambako tayari pako wazi. Nitumie picha za majani humu humu, tutazipitia mti kwa mti.